Mkato

Saa tatu usiku, Ganjoni, orofa ya tatu.
Feni inakoroga joto, haliivi.
Nina majaribio elfu moja mia mbili na sita
kwenye jedwali moja refu kama foleni ya mitungi,
na Taibu anataka yote yaingie mfumoni kabla hajaamka.
"Ni kupakia tu," kasema, akachukua helmeti yake.
Kupakia tu.

Nikabofya.
Ule mstari wa kijani ukatambaa,
ukafika tisini na nane kwa mia, ukasita
kama mtu aliyekumbuka kitu mlangoni.

Yamepokelewa: 1,192.
Yamekataliwa: 14.

Tisa ni kosa la mkato.
Nyevu aliandika anwani za wateja wake wa kubuni
kama mtu anayemwelekeza mgeni kwao:
Mtopanga, ukishapita kisima, bati jekundu, uliza kwa Mama Dzame.
Na mfumo, kila uonapo mkato, hukata,
kama wale vijana wa spana, hautazami mtu usoni.
Mtopanga ikaangukia safu ya jina,
kisima kikawa nambari ya mita,
bati jekundu likasomeka kuwa deni,
na Mama Dzame, masikini, akawa tarehe.
Nikacheka peke yangu. Mlinzi huko chini akakohoa.
Nikaifunga kila anwani kwa alama za kunukuu,
vile tunavyoweka kipande cha nailoni chini ya kizibo
mtungi usivuje njiani.
Yakaingia tisa.

Matano yaliyobaki hayana shida ya mkato.
Ni safu ya mwisho, Matokeo Yanayotarajiwa.
Tupu.

Jaribio 0417, maneno ya Nyevu:
Fungua bomba.
Subiri.
Bomba likikohoa upepo, tazama mita.
Mita inazunguka.
Toa ankara.
Matokeo yanayotarajiwa:

Hapo akaachia.
Hakusahau. Nyevu hasahau hata chenji ya viazi karai.
Aliniuliza siku moja, vidole vimejaa ukwaju,
"We ungetarajia nini?"
Nikamwambia tutawauliza wenye mradi.
Hatukuwauliza. Januari akaenda zake Kigali,
akaniachia kiti, kikombe chenye ufa,
na nafasi hii.

Kwetu Kisauni mita huzunguka alfajiri.
Maji hayapo, ni upepo tu unapiga mluzi kwenye paipu,
na mama huamka akaweka ndoo chini ya mluzi ule,
kwa adabu kabisa,
asije akaambiwa maji yalikuja yakamkuta amelala.
Mwisho wa mwezi ankara hufika,
imechapwa vizuri, shilingi na senti zake.
Yeye huisoma amevaa miwani, kisha huikunja mara nne
akaipachika nyuma ya redio, pamoja na wenzake.

Mfumo haupokei nafasi tupu.
Ningeweza kutia nukta. Watu hutia nukta.
Nukta hupita, nukta huhesabiwa,
ripoti inakuwa kijani kama shamba la mtu mwingine.
Au ningeandika "kama ilivyo kwenye waraka",
na waraka nimeusoma wote, kurasa sitini na mbili,
haumjui upepo.

Nikaandika: Asidaiwe.
Neno moja. Halina mkato ndani yake.
Na yale manne mengine ni ndugu zake, baba mmoja:
mita iliyofukiwa na barabara, nyumba iliyobomolewa,
bomba lililong'olewa likauzwa chuma chakavu,
maji yaliyokuja ya chumvi.
Asidaiwe, asidaiwe, asidaiwe, na la chumvi
nikafikiri kidogo,
asidaiwe.

Yamepokelewa: 5.
Yamekataliwa: 0.

Kesho saa mbili mashine itayaendesha yote,
na programu, kama ninavyoijua, itadai.
0417 itawaka nyekundu kwenye ile skrini ya ukutani,
wageni wa bodi wako na chai yao,
na Taibu atageuka aulize ni nani aliyeandika hivi.
Safu ya mwandishi bado ina jina la Nyevu.
Nimelifuta, nimeweka langu.

Natafuta viatu chini ya meza.
Na iwake.